Maisha ya Mzee Vikopo, Aliyenigawia Wadudu Wake

Marehemu mdogo wangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, wa mwisho kwa mama yetu. Mimi dada yake nilikuwa na miaka tisa, na mgongo uliombeba ni huu. Kwa hiyo wasifu huu nimeuandika mwenyewe. Wajukuu walitaka kunisaidia, nikakataa.

Alimaliza kidato cha nne 1975, akasomea maabara, akahitimu 1979. Mimi niliishia darasa la tatu, na hakunicheka hata siku moja.

Kuanzia 1980 mpaka 2017 alipima choo hospitalini. Wakamwita Mzee Vikopo, kwa vile vikopo vya kuletea choo. Alikuwa akiwaambia wagonjwa, "Kidogo tu, mama, siyo mzigo!" Mwaka 1984 alimwoa wifi yangu, muuguzi pekee aliyempelekea vikopo bila kuziba pua.

Mwaka 2014 niliugua mguu. Nikapewa antibiotiki, nikajinunulia na nyingine, nikasema wadudu wote wafe. Wakafa kweli, wazuri kwa wabaya. Akabaki mbaya mmoja, akatamba tumboni peke yake. Nilihara miezi mitatu, nikabaki mifupa. Kila dawa ikiisha, kuhara kunarudi. Daktari akasema sasa ninahitaji wadudu wema kutoka tumbo la mtu mwenye afya, nao huchukuliwa kwenye choo chake. Marehemu akapimwa, akafaa.

"Mavi yako?" nikamwambia. "Mimi niliyekuosha hayo hayo? Bora nife!"

"Uliyaosha miaka miwili, dada, hukufa. Leo yatakuponya."

Nilikaza shingo siku nne. Siku ya tano akaketi kitandani kwangu, akalia. "Ukiondoka, nani atanigombeza?"

Nikakubali. Yakachujwa, yakapitishwa kwa mpira mwembamba mpaka tumboni. Wiki haikuisha nikaomba chakula, tena nikalalamika hakina chumvi. Marehemu akapiga makofi wodini.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimemwambia, "Mimi sina cha kukugawia, mdogo wangu." Akatabasamu. "Nitunzie wadudu wangu, dada. Usiwamalize kwa vidonge vya kujinunulia."

Sijawamaliza.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja mbishi, na wadudu wasiohesabika ndani ya tumbo la dada huyo, wazima kabisa. Wao waendelee na kazi. Yeye, Mzee Vikopo wetu, sasa apumzike kwa amani.