Mtu Mmoja Aliyepungua

Ijumaa tarehe 27 Juni, Mzee Zelig Brodman atakabidhi funguo za Nyumba ya Vijana wa Kiyahudi hapa Baltimore, baada ya kuitunza kwa miaka thelathini na minne.

Aliajiriwa kama fundi bomba. Haukupita mwaka akawa pia mjenzi wa kibanda cha sikukuu ya vuli na hakimu wa jikoni. Mwanafunzi akikoroga supu ya nyama kwa kijiko cha jibini, vitu ambavyo sheria yetu hairuhusu kuchanganywa, Mzee hakufoka. Alikichomeka kwenye udongo wa chungu cha maua kule koridoni, kama alivyofanya mama yake, ili kitakasike. Mgeni mmoja aliuliza lile ni zao gani.

“Vijiko,” alijibu. “Mwaka huu vimestawi.”

Sisi vijana tulimpenda huku tukimcheka kidogo. Yeye alikuwa na kofia yake ndogo iliyochujuka. Sisi tulivaa nyota za dhahabu shingoni, tukajichora herufi za Kiebrania mikononi, na mkate wa Sabato tuliupiga picha kabla ya kuuonja.

Hapa ningependa kuruka jambo moja, lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Novemba iliyopita ilitimia mwaka tangu mkewe, Perla, afariki. Siku hiyo mjane humsomea marehemu Kadishi, sala ya wafiwa, na Kadishi haisomwi bila watu kumi. Ghorofa ya chini walikuwa tisa pamoja naye, na jua lilikuwa limebakiza robo saa kuzama, na kwetu siku huishia hapo. Juu tulikuwa vijana arobaini kwenye kongamano nililoliandaa mimi, Dafna Kessler, kuhusu Uyahudi wetu wa leo. Yeyote kati yetu angetosha, wa kike au wa kiume. Mzee akabisha hodi.

“Samahanini, wanangu. Naomba mmoja tu, dakika kumi.”

“Jamani, Mzee Zelig, si unaona tuko hewani?” nilimwambia. “Tukimaliza tunashuka wote.”

“Tutakuletea arobaini, wengine utaturudishia!” kijana mmoja alidakia, tukacheka.

“Haya, endeleeni,” alisema, akaufunga mlango polepole usije ukasikika kwenye matangazo.

Nikaendelea na hoja yangu, kwamba kwa kizazi chetu Uyahudi ni kuwa pamoja.

Tuliposhuka, giza lilikuwa limeingia na siku ya Perla imepita. Wale wengine walishaondoka. Mzee alikuwa akirudisha vitabu kabatini.

“Mkutano umeenda vizuri?” aliniuliza.

Nikasema ndiyo. Kisha nikapandisha picha mtandaoni, na watu mia sita wakazipenda.

Hajalitaja jambo hilo hata mara moja. Nami sikuwahi kumwomba radhi hadi leo, na kuiomba katika jarida letu hili, mbele ya watu, najua ni kujionyesha kulekule. Naona aibu, Mzee wangu.

Asante kwa mabomba, vibanda na subira. Unahamia Cleveland kwa binti yako. Tunakuombea maisha mema huko, na majirani ambao ukibisha hodi, wanainuka.