Gari Lililotaka Kula Ng'ombe wa Kerubo

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnanijua, mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, lakini leo nikinyamaza nitapasuka.

Miaka ile wazungu walipokuwa wakiuza mashamba na kurudi kwao, mume wangu Onchari alinunua gari la mashindano kwa mmoja wao kule Sotik. Jekundu, viti viwili, tumbo karibu liguse ardhi. Kijiji chetu cha Gesima kizima kilikuja kulitazama. Tulilipata kwa bei rahisi, na hapo ndipo tulipodanganyika. Fundi Mhindi wa Kisii mjini alimwambia wazi, "Mzee, kununua hii si kazi. Kazi ni kulisha." Onchari akacheka tu!

Ndugu zangu, gari lile lilikula! Lilikuwa likinywa petroli kama ng'ombe aliyeshinda juani anavyokunywa maji. Barabara zetu za mawe zilichana magurudumu, na mengine hayakupatikana ila Nairobi. Lilipiga jiwe, oili yote ikamwagika njiani. Pesa za majani chai zikaenda huko. Miti yetu ikakatwa, ikauzwa. Ng'ombe wa maziwa akauzwa, watoto wakanywa chai ya rangi. Nilikuwa na hasira, sitawaficha! Gari lile nililiita mke mwenzangu.

Kisha injini ikafa. Onchari akasema atauza ng'ombe waliotolewa mahari ya binti yetu, Kerubo. Jamani! Mila yetu mnaijua: ng'ombe wa dada ndio wanaomlipia kaka yake mahari. Wale walikuwa wa mwanangu Makori, na mchumba alikwisha kumpata. Wakiuzwa, Makori ataoa na nini? Nililia Sabato nzima. Nikasema, "Bwana, mwanamume huyu amenishinda. Sasa ni wewe."

Kesho yake asubuhi mnunuzi akaja. Onchari alikuwa anaondoa miti ya lango la zizi nilipomwona Kerubo akipanda kilima kutoka kwa mumewe, mjamzito, tope hadi magotini. Nani alimwambia? Sijui hadi leo! Hakupiga kelele. Alisimama langoni, akamwambia baba yake, "Tata, ng'ombe hawa ni mimi. Mimi nilitoka hapa, wao wakaingia. Ukiwapeleka kwa fundi, mimi nilitoka kwa ajili ya nini?"

Onchari akashika mti wa lango. Hata tulipomzika mama yake sikumwona akilia. Siku ile alilia, ndugu zangu. Akamwambia mnunuzi aende zake, na gari akamwachia fundi kwa bei ya vyuma.

Haleluya! Asante, Yesu! Wewe uliye na kitu nyumbani kinachokula na hakishibi, usione aibu. Mlilie Mungu, hata kama kimeshafika langoni. Na ukidhani nakudanganya, geuka umtazame yule anayenyonyesha pale karibu na dirisha. Ndiye mke wa Makori. Simama, mwanangu, wakuone.