Binti Zangu, Mauti na Shetani

Sogeeni, wanangu, pumzi imebaki kidogo na maneno ni mengi. Shalmati, kaa kulia. Shmuni, kushoto, kama mnavyosimama kanisani.

Mahadhi ya kwaya yetu mnayajua yote. Niliyapata kwa mama yangu, akiimba kwenye kitanda cha kufumia; baadaye wazushi wakayachukua, wakatia mafundisho yao, na nusu ya mji wetu wa Edesa ikawafuata ikiimba, ndipo shemasi wetu akanijia anahema: “Mama, tufundishe nyimbo zao.” Nikamwambia, “Zao tangu lini?” Tukatia maneno ya imani, watu wakarudi. Mtu akiwaambia mahadhi haya yalishuka mbinguni, msimbishie. Mpeni kiti apumzike.

Sasa hili la sufuria ya shaba. Shalmati aliiazima kwa dada yake, Shmuni akadai ilirudi imetoboka, na tangu hapo hamsemezani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Nimelima mpaka jembe limechakaa. Kumbe shemasi ndiye aliyekuwa akivuna! Aliwapa ule wimbo wa majibizano, mmoja Mauti, mwingine Shetani, kila mmoja ajigambe kuwa ndiye mbabe wa wanadamu. Shmuni ukaimba, “Wewe hodari wa wagonjwa tu,” huku umemkodolea macho dada yako. Shalmati ukajibu, “Nawe hodari wa uongo,” na hukuhitaji mazoezi. Wapagani walifunga maduka waje kusikiliza. Watu wamebatizwa kwa ajili ya sufuria! Na huyu shemasi, hapo mlangoni, jana kaninong'oneza: “Mama, ukiwapatanisha, ngoja basi Pasaka ipite.”

Singoji. Pasaka siifikii. Nyumba nawaachia nyote wawili, isigawanywe: mlango mmoja, tanuri moja. Sufuria mpeni shemasi, ndiye aliyeifaidi. Siku ya maziko yangu ongozeni pande zote mbili za kwaya, upande mmoja hauimbi wimbo ukaisha. Lakini kwanza nataka niwasikie mkisemezana kwa maneno makavu, bila mahadhi, bila kiitikio. Sasa hivi.

Haya, nani anaanza?

Shalmati, umesema nini? “Inua huo mto, unamkaba mama.” Ehee. Na wewe, Shmuni? “Kwani mikono yako imekatika?” Haya... haya, endeleeni. Wewe shemasi, usiwaamulie, toka nje.

Mungu awape umri mrefu, wanangu... mgombane hivi hivi, uso kwa uso, mpaka mzeeke... Pazeni sauti kidogo. Sikio la kushoto limekwisha tangulia.