Dakika Saba za Dada Samahani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya redio yetu, Sheikh wetu, Mchungaji wetu, ndugu watangazaji na mafundi mitambo, wageni waalikwa, nanyi mnaotusikia mkiwa jikoni, dukani na shambani: hamjambo. Na wewe Dada unayestaafu leo, shikamoo. Najua tumelingana umri, lakini leo utaipokea.

Mimi ni yule mtengeneza sabuni wa karibu na kijito. Nimeombwa nimsifu. Wameniambia, "Wewe ndiye uliyekosewa ukasamehe, maneno yako yatakuwa na uzito." Haya, nisikilizeni basi.

Wote mnamwita Dada Samahani, ila watoto wenu hawajui jina hilo lilitoka wapi. Miaka tisa iliyopita, mboga za akina mama wa bondeni zilinyauka kwa juma moja. Dada akavaa mabuti, akafuata kijito mpaka nyuma ya karakana yangu, na saa tatu asubuhi, katika kipindi chake cha mazingira, akaeleza kwa dakika saba kwamba maji ya sabuni yangu ndiyo yanayoua bustani. Nikawaka. Nikaita wapimaji. Wakapima mtaro wangu wa mbele, wakakuta maji safi kabisa.

Sasa, redio hii ina kanuni ambayo sijaisikia kwingine: ukikosea hewani, unajirekebisha hewani, saa ileile, kwa urefu uleule. Hakuna kunong'ona sentensi moja baada ya matangazo ya vifo. Jaribuni nyumbani kuomba radhi kwa dakika saba. Ya pili tu, ulimi umekauka. Yeye alizimaliza zote. Hakumsingizia fundi, wala hakusema "kama kuna aliyeumia". Alisema, "Nimekosa, na jirani yangu nimemharibia jina." Sheikh na Mchungaji, ambao hata zamu ya maikrofoni huwagombanisha, juma lile walikubaliana: Ijumaa na Jumapili, wote wawili walihubiri juu ya ushahidi wa uongo. Msicheke, wazee wangu wapo hapa. Kipindi akanyang'anywa, akapewa kusoma hali ya hewa. Miaka tisa, mvua na jua.

Je, mnadhani nani alifurahi? Mimi. Nilipita sokoni kifua mbele.

Mwaka uliofuata nikachimba msingi wa stoo. Jembe likagonga bomba la zamani, limepita chini ya ukuta wa nyuma, linamwaga maji yangu kijitoni. Wapimaji walipima mbele. Dada alitazama nyuma. Nililiziba siku ileile, nikafukia, nikanyamaza. Bustani zilipostawi watu wakasema ni mvua, nami nikaitikia, ni mvua. Hata mke wangu amejua jana tu. Akaniambia, "Baba watoto, usipoyasema kesho, nitayasema mimi."

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Ni saa tatu na dakika tatu, Mheshimiwa. Ndiyo maana niliomba nianze saa tatu kamili, na tuwe hewani moja kwa moja.

Basi, ndugu wasikilizaji, marekebisho. Dada huyu hakukosea. Alisema kweli siku ya kwanza, kisha akaomba radhi kwa kosa langu. Akina mama wa bondeni, mimi ndiye niliyeua mboga zenu, na nikawaacha mumcheke mtu asiye na hatia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka minane kwa sababu nilibebwa na mwanamke mkweli. Naona aibu mbele yenu, na ninaistahili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimetumia dakika nne. Kanuni inataka saba, na tatu zilizobaki si zangu. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka hapa.

Dada, maikrofoni hii. Sema lolote utakalo, ila usiseme samahani.