Bunduki Iliyoganda Mlimani na Mkaguzi Aliyeifuata

Ndugu viongozi na wafanyakazi wenzangu,

Tarehe 31 Machi, Bwana Vasant Hardikar, Mkaguzi Mkuu wa kiwanda chetu cha silaha, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne.

Wengi wenu mlikuwa bado shuleni bunduki yetu mpya ilipotoka. Tuliijaribu hapa uwandani, katika joto la Mei, ikafyatua bila kukohoa, na Bwana Hardikar mwenyewe akaiidhinisha. Majira ya baridi yalipoingia, kituo cha jeshi kilichoko juu kwenye barafu kiliarifu kwamba komeo la bunduki, lile linaloisukuma risasi mahali pake, linagoma na makasha ya risasi, yaliyokuwa ya plastiki, yanapasuka kama papadi. Ofisi ikajibu: zidisheni mafuta. Wakazidisha, nayo mafuta yakaganda kama samli. Askari wawili walijeruhiwa siku ambayo bunduki zao hazikuitika.

Wakati huo shehena ya pili ilikuwa tayari, ikingoja sahihi yake ili ionyeshwe kwanza kwenye gwaride. Mkurugenzi wa enzi hizo alimkumbusha, "Hardikar, gwarideni hakuna theluji." Naye akajibu, "Basi, mkuu, zibaki huko huko gwarideni." Hakutia sahihi. Cheo alichokitarajia kilimpitia kando.

Akapanda mlimani. Sajini Norphel, mkuu wa kituo, alimlaki kwa maneno haya: "Karibu, Saheb! Bunduki yako haina mfano. Soksi zinakauka juu yake vizuri ajabu!"

Alikaa nao hadi akaona kilichokuwa kikitokea. Askari, kwa mapenzi, walilala wameikumbatia silaha ndani ya hema lenye jiko. Wakitoka nayo nje, jasho lake, yaani unyevu wa hema, liliganda ndani ya komeo. Aliwaagiza waifute kavu na kuiacha nje, chini ya turubai. Sajini alishika kichwa: "Saheb, mke wangu serikali imenitenga naye. Sasa na bunduki pia?"

Hata hivyo, hakuwatwika askari lawama zetu. Alirudi, akadai makasha ya chuma na mafuta yasiyoganda, na vyote vikapelekwa kituoni kabla ya baridi nyingine.

Katika kazi yetu, shukrani haiji kwa maneno. Kituo kile, kilichokuwa kikitulalamikia kila wiki, kilikaa kimya hadi theluji ikayeyuka. Ndipo Bwana Hardikar alipoitisha kalamu, akaitia sahihi shehena ya pili.

Bwana Hardikar, tunakushukuru. Wewe na mkeo, Bi Sumati, tunawaombea afya njema, na miaka mingi ya kimya cha namna ile.