Jina la Penseli

Ndugu waombolezaji, kazi hii nimepewa mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, naomba mnivumilie.

Dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, wa kwanza kati ya sita, akaanza shule ya msingi 1974, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha uhazili, alikohitimu 1988 akiwa na mwandiko ambao hata walimu wake waliuonea wivu.

Mwaka 1990 aliajiriwa hospitali ya rufaa, na tarehe 2 Mei 1998 akawa mratibu wa madaktari wanaosomea ubingwa, yeye ndiye aliyepanga nani aingie wodi gani, nani ahamie upasuaji, nani aende likizo, na ratiba iliyobandikwa ukutani kwake ilikuwa na sheria moja, ombi kwa penseli, ruhusa kwa wino, na wino haufutwi, hata aje mkuu wa idara na makeke yake. Madaktari walimwita Mama Zamu, wakimtania kwamba hata kifo kikija atakiambia kijaze fomu kwanza.

Aliolewa tarehe 17 Agosti 1991 na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili, wale pale mbele.

Januari 2024 aligusa uvimbe kwenye titi, hakumwambia mtu, akajiandikia siku ya kipimo kwa penseli kwenye ratiba ile ile. Mara ya kwanza alijifuta kwa sababu daktari mmoja alifiwa na zamu zikavurugika, mara ya pili walikuja wakaguzi wa mafunzo, na mara ya tatu, jamani, nisiwafiche, ilikuwa mimi, ninayesomea upasuaji hospitali hiyo hiyo, nilimwomba abaki anikamilishie faili la mtihani, akasema ana kipimo, nikamjibu kipimo hakikimbii. Mimi, daktari mzima, sikuuliza hata kipimo gani. Alicheka tu, akachukua kifutio.

Alipimwa Agosti, ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye ini, na tarehe 3 Desemba, saa nne asubuhi, alitutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutufulia, na ninyi wafanyakazi wenzake, ambao naona mmekuja wote, hata sijui wodini amebaki nani, maana aliyekuwa akijua hilo ndiye tunayemzika.

Jana niliingia ofisini kwake kuchukua miwani, nikaona pale kwenye ratiba jina lake limefutwa mpaka karatasi imechubuka. Nililiandika upya, kwenye safu ya likizo. Pumzika, dada yangu, kwa amani, safari hii nimetumia wino.