Mpelelezi Asife Leo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wangu, wazazi na wanafunzi wenzangu: mnivumilie, kwa maana nimetumwa kumuaga mwalimu wetu wa hisabati, lakini nimekuja kumwombea mtu asiuawe.

Huenda wageni hamjui. Mwalimu huyu anayestaafu leo ndiye mwandishi wa zile hadithi fupi za upelelezi za gazeti la Jumapili, za yule mpelelezi mwenye koti lililochanika kwapani, anayepigwa kila hadithi na asiyemwamini mtu, hata mbwa wake. Mama yangu, fundi cherehani, husema, "Aje nimshonee hilo koti, labda kiburi kitampungua." Lakini gazeti likichelewa, anakosana na nyumba nzima.

Kila hadithi alitusomea sisi kwanza, akabakiza ukurasa wa mwisho. "Haya, wajukuu zangu, muuaji nani? Na mnionyeshe njia, sitaki jibu tupu." Mmoja wetu akipatia, Mwalimu huvua miwani, akauchana ukurasa ule, akaandika mwisho mwingine. Ndiyo sheria yake. "Hadithi iliyokwisha kujulikana na mtoto," husema, "ni chai iliyopoa."

Wiki iliyopita alitusomea ya mwisho. Mwenye bucha ameuawa, daktari ameitwa kumtazama maiti, na mpelelezi amefungiwa katika chumba cha barafu, damu ikimtoka ubavuni. Hakuna aliyepatia. Tukamuuliza, "Atatoka, Mwalimu?"

Akajibu, "Hata mimi natoka, jamani. Kila mtu na zamu yake."

Tangu hapo usingizi umenipaa. Je, mtu akistaafu kazi, ni lazima awazike na watu wake wa kwenye karatasi? Nani atatufundisha kutilia shaka maneno matamu?

Mwalimu, najua ukurasa ule bado uko nyumbani kwako. Basi najibu sasa, mbele ya mashahidi hawa wote. Muuaji ni daktari. Alipoingia buchani alisema, "Maskini, ameshapoa," na mikono yake ilikuwa bado mfukoni. Alijuaje?

Kama nimekosea, mpelelezi afe, nami nitakaa chini na aibu yangu. Kama nimepatia...

Ndugu wageni waalikwa, mtazameni. Amevua miwani.

Sheria ni yako, Mwalimu. Pumzika kidogo, kisha kaandike upya. Na mlango wa chumba kile ufunguliwe.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu, na kwa kuwa mashahidi wangu.